Vilango vya Chenjagaa: maswali ambayo wasomaji huuliza mara kwa mara

Tangu riwaya hii ianze kupita mikononi mwa watu, maswali yananifikia kwa njia nyingi: kwa simu, kwenye geti la shule, na hata kwenye foleni ya mkate wa kumimina asubuhi. Mengi yanafanana, kwa hiyo nayajibu hapa kwa pamoja. Swali kuhusu Bibi linafichua mwisho wa kitabu. Kama hujamaliza kusoma, liruke kwanza, utalirudia.

Kitabu changu kimekosewa chapa? Kila baada ya "Paukwa!" kuna mstari mtupu.

Hakijakosewa. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mzazi mmoja alikirudisha kitabu dukani akabadilishiwa kingine, akakuta nacho kiko vivyo hivyo.

Mstari ule ni wako. Sura zote 19 zinaanza na "Paukwa!", na jibu lake sikulichapa, kwa sababu hadithi nzima inahusu jibu hilo kupotea. Ukisoma peke yako, litamke. Ukimsomea mtoto, nyamaza mpaka aitikie. Asipoitikia usimsaidie haraka, mtazame tu usoni. Neno "Pakawa" limechapwa mara moja katika mazungumzo ya kitabu kizima, na aliyelitamka hapo nilimngoja miaka mingi.

Kwa kifupi, riwaya inasimulia nini?

Mwanasiti ana miaka 9, anaishi Ngamiani, hapa mjini Tanga, na bibi yake. Jioni moja Bibi anatandika mkeka barazani, anasema "Paukwa!", na hakuna anayeitikia. Si kwamba watu hawapo. Mjomba yuko kwenye simu, shangazi anahesabu pesa za kikoba, watoto wamejazana mbele ya televisheni. Bibi anangoja kidogo, kisha anakunja mkeka wake anaingia ndani.

Kuanzia asubuhi yake hakuna hadithi mjini Tanga inayofika mwisho. Msimulizi anaanza vizuri, Sungura anaingia shambani, Fisi anamfuata nyuma, halafu msimulizi anakwama, hajui kilichofuata. Jibu limeondoka kwa sababu halikutumika, limerudi lilikotoka. Mwanasiti, jino lake la mbele likiwa limetoka usiku uleule, anakwenda kulifuata akiwa na binamu yake Kombo mwenye baiskeli.

Chenjagaa ni wapi? Jina hilo umelitunga?

Sikulitunga, nililirithi, na wewe pia umelirithi kama ulilelewa na mtu mwenye hadithi. Wazee wetu wakishaitikiwa "Pakawa!" waliendelea hivi:

*Kaondokea chenjagaa,*
*kajenga nyumba kakaa,*
*mwanangu mwana Siti,*
*kijino kama chikichi,*
*cha kujengea kikuta*
*na vilango vya kupita.*

Wengine wanasema "vikuta", wengine "vya kupitia", kila nyumba na yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya kufurahisha ulimi tu. Siku moja, nikiwa mtu mzima, niliyasema polepole mbele ya binti yangu, akaniuliza: "Mama, huko Chenjagaa walikuwa wanafanya nini mpaka mtu akaondoka?"

Sikuwa na jibu. Nililala nalo lile swali. Asubuhi nikaona kwamba mistari ile sita ina kila kitu ambacho hadithi ya safari inahitaji. Kuna nchi ya mbali ambayo mtu aliiacha. Kuna nyumba. Kuna mtoto mwenye jina. Kuna jino dogo, gumu kama kokwa la mchikichi, nalo linajengea ukuta. Na ukuta wenyewe haukuachwa mzima, una vilango. Nani hujenga ukuta halafu akaweka vilango vya kupita, kama hakutaka watu waendelee kupita?

Basi katika riwaya, ukuta kati ya Tanga na Chenjagaa umejengwa kwa meno ya utoto. Kwetu jino likitoka unalirusha juu ya paa. Kitabuni, kila jino lililowahi kurushwa paani limefika kule na kuwekwa mahali pake. Limebaki pengo moja, na jino la Mwanasiti linaenea pale sawasawa. Akilirusha, ukuta unaziba na hadithi zimekwisha. Akilishika mkononi, anaweza kupita. Hayo mengine yote nimeyatunga mimi, ila mbegu ni ya bibi zetu.

Kwa nini Tanga?

Kwa sababu nimezaliwa Tanga, na kwa sababu mahali pa ajabu papo tayari, sikuhitaji kupachora hewani. Acha nitaje machache, kwa kuwa wasomaji wa mbali hudhani nimeyabuni.

Mapango ya Amboni yapo, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, ukiifuata barabara ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na miamba yake ni ya enzi ya Jurasi, miaka kama milioni 150. Maji ndiyo yaliyoyachonga. Ndani kuna mahali ambapo mtu mzima anapita akiwa amejikunja, kuna kuta zilizochorwa na maji mpaka unaona mamba, unaona kiti, unaona meli, kutegemea nani ameshika tochi. Jua likizama popo wanatoka kwa maelfu. Mzee yeyote wa Tanga atakusimulia juu ya mbwa aliyepotelea mle ndani akaibukia mbali sana, wengine husema Kilimanjaro. Mimi simulizi hilo nilisikia kabla sijajua kusoma, na sura ya nne imejengwa juu yake: mbwa huyo bado anatembea, na ndiye anayewaongoza Mwanasiti na Kombo kwenye kilango.

Magofu ya Tongoni nayo yapo, kusini mwa mji. Pana msikiti wa kale na makaburi kama 40, mengi yakiwa na nguzo za mawe. Wengi wetu tunapita barabarani kuelekea Pangani bila kugeuza shingo. Ukisogea karibu na nguzo utaona vishimo vya mviringo. Humo ndimo zilimopachikwa bakuli na sahani za kaure zilizoletwa na majahazi kutoka mbali. Vyombo vyenyewe havipo tena, vimebaki vishimo. Nilisimama pale alasiri moja wakati wa kusi, upepo unavuma, na nikasikia zile nguzo zinatoa sauti ndogo. Nilikaa mpaka magharibi. Kitabuni, kila kishimo ni sikio la Chenjagaa, na Mwanasiti lazima aseme hadithi kwenye sikio sahihi.

Kijiografia nimepindisha jambo moja. Mtoto hawezi kutoka Amboni alfajiri kwa baiskeli, akafika Tongoni na kurudi mjini kabla ya adhuhuri huku akisimama njiani kuzungumza na nyuki. Nimelijua hilo nikaliacha, kwa kuwa Kombo ana baiskeli nzuri.

Yule samaki mzee, Bi Silikanti, yupo kweli?

Yupo, na hapa naomba univumilie, maana nikianza kumzungumzia sinyamazi.

Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu. Waliamini alitoweka miaka kama milioni 66 iliyopita, pamoja na madinosari. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, mzima, mwenye mapezi yaliyochomoza kwenye vikonyo vya nyama kama miguu mifupi. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 2000, wavuvi wa Tanga waliokuwa wakitega jarife, wavu wa matundu makubwa, kwenye maji marefu wakaanza kumtoa mmoja baada ya mwingine. Serikali ikatenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Kwa hiyo samaki aliyedhaniwa hayupo duniani alikuwa hapa, mbele ya mji wetu.

Anaweza kufika urefu wa karibu mita 2. Mwili wake ni wa buluu iliyokolea wenye madoa meupe, na madoa ya samaki mmoja hayafanani na ya mwingine. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Wakati mwingine husimama majini kichwa chini mkia juu, na waliomwona kule chini wanasema hutulia hivyo kwa muda. Mkia wake una kipande kidogo cha ziada katikati, kana kwamba aliyemuumba aliongeza neno moja mwishoni.

Sasa niambie, mtu anayeandika hadithi ya maneno yaliyodhaniwa kupotea, anaishi Tanga, angemwachaje samaki huyu? Madoa ya Bi Silikanti ndiyo maandishi ya hadithi zilizosahauliwa. Anasimama kichwa chini kwa sababu, kama anavyomwambia Mwanasiti, "hadithi za zamani zinasomwa kutoka mwisho." Mwanasiti anamwamkia "Shikamoo" na inambidi angoje jibu kwa ukurasa mzima. Watoto hupenda sana pale. Wanahesabu.

Wazazi walio wavuvi wamenieleza jinsi jarife linavyonasa samaki huyu bila kukusudia. Sikuandika sura ya kuwalaumu. Mvuvi kitabuni, baba yake Kombo, anamtoa Bi Silikanti kwenye wavu kwa mikono yake na kupoteza wavu wa gharama kubwa. Niliandika tukio hilo mara saba, kwa sababu nilitaka gharama yake ionekane.

Mbona nyuki wanapigana vita?

Kwa sababu walishawahi. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India kuuteka mji wa Tanga, na walinzi wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, walikuwa kama 1,000. Mapigano yakaamsha mizinga, nyuki wakatoka na kuwavamia wapiganaji wa pande zote mbili. Waingereza walishindwa, wakarudi melini, na mpaka leo vita hivyo vinaitwa vita vya nyuki. Nyuki wa Chenjagaa wanakumbuka. Malkia wao anamwambia Mwanasiti kwamba hawakuwa upande wa mtu yeyote, walikuwa wanalinda nyumba.

Na mikonge 62 iliyosimama mstari, kwa nini 62 na si 100?

Mwalimu mmoja wa Muheza aliniuliza hili, nikafurahi. Mkonge si mmea wa asili wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62, vikapandwa upande wa Pangani. Mashamba makubwa ya mkonge ya kwetu yaliyofuata yalitokana na hivyo. Kitabuni ni wazee 62 waliotoka mbali, wanaota kwao kwa kwanza kila usiku, na wanamwonea huruma mtoto aliye safarini.

Hadithi za namna hii si mambo ya Wazungu?

Swali hili huulizwa kwa ukali kidogo, na mara nyingi na watu wanaopenda Kiswahili kwa dhati. Nalielewa. Madukani, vitabu vingi vya watoto vyenye malango ya siri na nchi za ajabu vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wetu akivisoma hukuta theluji, mabweni ya ngome na vyakula asivyovijua.

Lakini mtoto anayetoka nyumbani kwenda kupambana na jambo kubwa ni wetu tangu zamani. Chukua hadithi ya Nunda mla watu, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Paka wa sultani anakula kuku, watu wananyamaza. Anakula mbuzi, wananyamaza. Mwisho anakula watu. Mtoto mdogo wa sultani, ambaye hakuna aliyemtegemea, ndiye anayeingia mwituni. Kila mnyama anayemuua anamburura mpaka nyumbani kwa shangwe, na mama yake anamwimbia, "Mwanangu, siye, siye Nunda mla watu." Anarudi tena. Anakosea tena. Ile subira ya mama, kumwambia mtoto ukweli bila kumvunja moyo, sijaikuta popote ikiwa imesimuliwa vizuri zaidi.

Na kama unataka mwandishi, huyo hapo Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. *Kusadikika* yake, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi iliyoko angani, yenye wajumbe sita waliotumwa pande za mbali wakarudi na habari ambazo watawala hawakutaka kuzisikia. Katika *Adili na Nduguze* kuna ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani. Mtu wa Tanga anapoandika ajabu kwa Kiswahili hajaazima uzio wa jirani. Anapalilia shamba la babu yake.

Niliwahi kupeleka mswada huu kwa mchapishaji mmoja akaniambia watoto wanataka hadithi "za kweli", za shule na ukimwi na usafi wa mazingira. Hizo zina kazi yake. Lakini niliondoka pale nikiwa na uchungu, kwa sababu nilikuwa nimewaona watoto wa mtaa wetu wakimsikiliza Bibi hadi mbu wakawashinda.

Mimi ni mzazi, nina dini yangu. Kitabu kina uchawi?

Nakujibu kama ningemjibu dada yangu. Hakuna mganga, hakuna hirizi, hakuna mtoto anayesoma maneno ya kuroga au kutoa kafara. Mwanasiti anasema "Bismillah" kabla ya kuvuka kilango, na Kombo anakatisha safari ili aswali alasiri. Kuna rafiki yao wa Kikristo kutoka Chumbageni, Rehema, naye anaomba kwa namna ya kwao kabla ya kula. Sikuyaweka hayo kama pambo. Ndivyo watoto wa mji huu wanavyoishi.

Ndani ya mapango ya Amboni pana sehemu ya mzimu, ambako baadhi ya watu huacha ubani na vitambaa wakiomba haja zao. Sikutaka kupaficha wala kupafanyia mzaha. Watoto wanapita wakiwa kimya, hawagusi kitu, hawachukui kitu. Kama ungependa kuzungumza na mwanao kuhusu imani hizo, ukurasa huo ni mahali pazuri pa kusimama.

Kuhusu majini: yupo mmoja, sura ya kumi na moja, na hamilikiwi na mtu.

Mtoto wa umri gani anaweza kukisoma? Zimwi halitamtisha?

Akisoma mwenyewe, miaka 9 hadi 13. Akisomewa, hata wa miaka 6, ila mruke sura ya nane kama analala peke yake.

Zimwi linatisha kidogo, na nimeliacha litishe. Lile la utotoni mwangu lilikuwa linasema "Nasikia harufu ya mtu!" na sisi tunajikusanya kwenye mapaja ya Bibi. Hofu ile ilikuwa tamu kwa sababu mapaja yalikuwepo. Ndiyo maana nashauri sura za zimwi zisomwe mkiwa pamoja.

Chunusi ni jambo jingine. Watoto wa pwani tunaambiwa chunusi yuko majini, anavuta miguu. Mimi hofu hiyo ilinizuia kuoga Raskazone wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, na sijutii. Kwa hiyo chunusi wangu si mbaya kabisa wala si mwema kabisa. Anaishi kwenye fungu la mbele ya Tongoni, mahali ambapo meli moja ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama mwaka 1498, na kazi yake ni kuwarudisha pwani watoto wanaokwenda mbali. Ana mikono baridi, basi.

Kwa nini vilango vinafunguka wakati wa bamvua tu?

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari yetu inajaa sana na kukupwa sana. Unaweza kutembea kwa miguu mahali ambapo juzi ngalawa ilikuwa inaelea. Mtu aliyekua akiona bahari inaondoka na kurudi hahitaji kushawishiwa kwamba mlango unaweza kuwepo leo na kesho usiwepo. Wakati wa maji mafu Mwanasiti hana la kufanya ila kungoja, na siku hizo saba za kungoja zimechukua sura mbili. Wapo wanaolalamika kwamba ni ndefu. Nazipenda hivyo.

Mwanasiti hana nguvu yoyote ya ajabu. Anashindaje?

Anasikiliza. Anamwachia kila anayekutana naye amalize. Zimwi limezoea watu kukimbia kabla halijafika kwenye sentensi ya pili. Nyuki wamezoea moshi. Mikonge imezoea panga. Huyu anaketi chini, anauliza, "Halafu?"

Nilijaribu kumpa upanga kwenye mswada wa kwanza. Ulimkaa vibaya. Mtoto wa Ngamiani anayechota maji, anayetumwa dukani, anayebembeleza mdogo wake, tayari ana ujuzi mwingi, na nilitaka ujuzi huohuo umvushe. Kubembeleza kwenyewe kunamlaza nyoka wa sura ya kumi na tatu.

Maneno mengine siyaelewi. Kwa nini hukutumia Kiswahili sanifu tupu?

Masimulizi ni ya Kiswahili sanifu. Mazungumzo yana ladha ya kwetu, na wazee wa upande wa Tongoni wana Kimtang'ata chao. Maneno ya uvuvi kama jarife, dema na bamvua sikuyabadilisha kwa sababu hayana ndugu wengine. "Bada" ni ugali wa muhogo, na kama hujawahi kuula na mchuzi wa samaki wa nazi, njoo.

Walinzi wa kilango wanaposema "Waja leo, waondoka leo?" wanamaanisha nini?

Watu husema hivyo kuhusu Tanga: waja leo, waondoka leo. Kule kilangoni nimeligeuza kuwa swali, na ukijibu "ndiyo" hawakufungulii. Mgeni wa Chenjagaa lazima awe tayari kulala.

Nataka kukitumia darasani. Una ushauri?

Soma kwa sauti, sura moja kwa siku, usitoe maswali ya ufahamu mpaka sura ya tano. Mwalimu mmoja alifanya jambo ambalo sikulifikiria: aliwapa wanafunzi kazi ya kwenda nyumbani kumuuliza mzee yeyote jinsi anavyoanza hadithi. Walirudi na vianzio vya Kidigo, Kisambaa, Kibondei na Kizigua, na baadhi ya wazazi walikuja shuleni wenyewe kusahihisha. Huyo amenipita mbali.

Mkiweza, wapelekeni Amboni. Nendeni na mwongozaji wa pale, kila kundi la watoto liwe na mtu mzima nyuma, viatu visivyoteleza, na tochi zaidi ya moja. Msiwaruhusu kutangulia kutafuta kilango. Nasema hivi kwa uzito: kuna vijia mle ambavyo havina mwanga wala nafasi ya kugeuka.

Kwa nini Bibi haponi? (Hapa nafichua mwisho.)

Nimepata ujumbe wa watoto wenye hasira juu ya jambo hili, na wana haki.

Mwanasiti analileta jibu. Hadithi za mji zinapata tena miisho yake. Lakini Bibi, usiku ule anaporudi, hakumbuki hadithi yoyote. Anamwita Mwanasiti kwa jina la marehemu dada yake. Anauliza mara tatu kama kuku wamefungiwa.

Bibi yangu alikuwa hivyo miaka yake ya mwisho. Alizaliwa na kufa akiwa na hadithi nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua, ila mwishoni hakuweza kuzifikia. Ningeandika kwamba alipona ningekuwa nimemsahau yeye na kumwandika mwingine. Nilikuwa na binti yangu mdogo kando yake, alasiri, umeme umekatika. Mtoto, bila kufundishwa na mtu, akamwambia, "Bibi, paukwa!"

Na Bibi, ambaye siku hiyo hakunijua hata mimi, akaitikia palepale, kwa sauti yake ya zamani.

Hilo ndilo neno lililochapwa mara moja, ukurasa wa mwisho. Msimulizi na mwitikiaji wamebadilishana mikeka. Sikuwa na mwisho mwingine wa kutoa.

Kutakuwa na kitabu cha pili?

Ndiyo. Ni cha Kombo.

Mwanangu ana miaka 11, anataka kuandika hadithi yake ya nchi ya ajabu. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye kitu kimoja anachokiona kila siku na ambacho hakuna aliyewahi kumweleza. Kisima kilichofunikwa. Nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi na kufuli lililoshika kutu. Kisiwa cha Toten pale bandarini, ambacho tunakitazama tangu utotoni na wengi hatujakanyaga. Ajiulize nani anaishi pale, anaogopa nini, anakula nini. La chakula asiliruke. Nchi ambayo mwandishi hajui watu wake wanakula nini bado haijakamilika.

Aandike kwa mkono kwenye daftari. Amsomee mtu mmoja anayempenda. Na wewe mzazi, akikusomea, zima simu.

Baiskeli ya Kombo iliishia wapi?

Aliyeuliza ana miaka 7, na ndiye pekee aliyegundua kwamba sura ya kumi na saba haisemi. Iliegemezwa kwenye mwembe nje ya pango. Walipotoka, mnyororo ulikuwa umechomoka, wakaikokota kwa miguu hadi Chumbageni. Fundi akaitengeneza bure. Alitaka alipwe hadithi, moja tu, iliyo na mwisho, na Mwanasiti alikuwa nayo.